Mbwa Wako na wa Mwenzako Matembezini: Dalili za Msuguano, Sababu Zake na Namna ya Kuutatua

Malalamiko ya wenye mbwa wanaokutana katika Msitu wa Karura jijini Nairobi, na katika barabara za mitaa ambako mbwa hutembezwa alfajiri na jioni, hujirudia kwa sura chache zinazojulikana. Mmoja analalamika kwamba mbwa wa mwenzake amemrukia wake, mwingine anasema ametukanwa bila kosa, na wa tatu amekanyaga kinyesi kwenye njia ya wakimbiaji. Mwongozo huu unafuata dalili hizo moja baada ya nyingine. Chini ya kila dalili utakuta sababu zake, kuanzia ile inayotokea mara nyingi zaidi, kisha ukaguzi mwepesi unaoweza kuufanya pale pale njiani, halafu marekebisho yanayodai wiki au hata miezi. Mahali unapotakiwa uache kujaribu mwenyewe na umwite mtaalamu pameelezwa waziwazi, na ninakusihi usiyaruke maonyo hayo.

Kuna jambo moja ninalolishikilia kuanzia mwanzo. Msuguano mwingi huanza kabla mbwa hawajagusana, nao huanzia kwa mtu aliyeshika kamba au aliyepaswa kuishika. Kila mtu anamjua mbwa wake, lakini hamjui mbwa anayekuja mbele yake wala hajui mwenye mbwa huyo amepitia mambo gani. Kwa hiyo ruhusa ya mbwa kusogeleana huombwa, na wajibu wa kuiomba ni wa yule anayesogea.

Dalili ya kwanza: mbwa asiye na kamba anawakimbilia mbwa wa watu, na mwenyewe anapaza sauti kutoka mbali, "Usiogope, haumi!"

Nimeanza na dalili hii kwa sababu ndiyo inayozaa ugomvi kuliko nyingine zote. Sentensi hiyo husemwa kwa nia njema, lakini kwa anayeisikia maana yake ni kwamba mwenye mbwa hana uwezo wa kumzuia mbwa wake na sasa anamwachia mwenzake kazi hiyo. Mbwa anayekimbiliwa huenda ametoka kufanyiwa upasuaji, ni mzee mwenye maumivu ya nyonga, au alishawahi kuumwa na mbwa mwingine. Upole wa mbwa wako haumsaidii kitu wakati huo.

Sababu ya kawaida ni kwamba mbwa amefunguliwa mahali asipopaswa kufunguliwa. Katika Karura mbwa wanaruhusiwa mradi wawe wamefungwa kamba, na kanuni hiyo haikuwekwa kwa ajili ya watu peke yao. Humo wanaishi pongo, paa wadogo, kima, na mbega waliohamishiwa humo katika miaka ya 2010, na mbwa mmoja anayewafukuza anaweza kusababisha kifo cha paa hata bila kumgusa. Sababu ya pili ni kwamba mbwa hajafundishwa kurudi anapoitwa, ingawa mwenyewe anaamini amefundishwa kwa sababu nyumbani, ambako hakuna kingine cha kumvutia, huwa anarudi. Sababu ya tatu ni macho ya mwenye mbwa kuwa kwenye simu. Ya nne ni zile kamba zinazojirefusha zenyewe, ambazo humpa mbwa mita kadhaa za uhuru na hukatalia wazi hasa pale unapotaka zifunge.

Kabla ya kumlaumu mbwa, fanya jaribio hili nyumbani. Mwite mara moja tu wakati anakula, kisha siku nyingine mwite akiwa anambwekea mtu langoni. Ikiwa harudi kwa mwito mmoja katika hali hizo mbili, hawezi kurudi msituni akimwona mbwa mgeni, na hakuna haja ya kujaribu. Mfunge kamba ya kawaida ya mita moja na nusu au mbili. Ukitaka kumfundisha, tumia kamba ndefu ya mita kumi mahali pasipo na watu, mwite kwa neno moja lisilobadilika, na kila anaporudi mpe kipande cha maini yaliyochemshwa chenye ukubwa wa punje ya mahindi. Usimwite kamwe ili umwadhibu, maana baada ya hapo neno hilo litakuwa limekufa kwake.

Ikiwa wewe ndiwe unayekimbiliwa, simama, mweke mbwa wako nyuma yako, na useme kwa sauti thabiti isiyo ya ukali, "Samahani, tafadhali mwite mbwa wako, wangu hapendi kusogelewa." Kutupa konzi ya chakula ardhini mbele ya mbwa anayekuja mara nyingi humsimamisha kwa sekunde chache zinazokutosha kuondoka. Usikimbie. Kumbeba mbwa mdogo kunaweza kusaidia au kuharibu, kwa sababu mbwa mkubwa aliyechangamka huweza kukurukia wewe akimfuata, kwa hiyo mbebe tu ukiwa na mahali pa kuingia upesi, kama vile gari au lango.

Dalili ya pili: mbwa wako anabweka, anarukaruka na kuvuta kamba kila anapomwona mbwa mwingine, na watu wameanza kukukwepa

Wengi wenye mbwa wa namna hii huona aibu kiasi cha kuacha kabisa kumtembeza, na hivyo tatizo huongezeka. Tuanze na mkono wako. Sababu inayotokea mara nyingi kuliko zote ni kwamba mwenye mbwa, akiona mbwa anakuja, huikaza kamba na kuvuta pumzi kabla mbwa wake hajafanya lolote. Mbwa huhisi mkazo huo shingoni na huujifunza kama tangazo la hatari. Angalia basi kamba yako inapokuwa katika hali ya kawaida, kati ya mkono wako na mkanda wa shingoni. Inapaswa kulegea na kuinama katikati. Ikiwa imenyooka wima wakati hakuna mbwa yeyote karibu, umeshapata sababu yako ya kwanza.

Sababu inayofuata ina uzito wa pekee katika miji yetu. Mbwa wengi wa Nairobi hufungiwa kibandani mchana kutwa na kufunguliwa usiku ili walinde boma, kwa hiyo mbwa pekee wanaowafahamu ni wale wanaobwekeana nao kupitia ua. Mbwa wa jinsi hiyo akitolewa nje Jumamosi mara moja kwa wiki hana namna ya kujua kwamba mbwa aliye barabarani si mvamizi. Kipindi ambacho mtoto wa mbwa huzoea dunia kwa urahisi ni kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi ya maisha yake, na aliyekipitisha ndani ya kibanda huhitaji uvumilivu mwingi baadaye, ingawa hatuwezi kusema kwamba amepotea.

Baada ya hapo kuna mbwa anayebweka kwa sababu anatamani kusalimia na kamba inamzuia, na mwisho kuna mbwa mwenye maumivu, kwa mfano mbwa wa aina ya German Shepherd mwenye nyonga mbovu, au mbwa yeyote mwenye kidonda cha sikio kilichosababishwa na kupe, ambaye amejifunza kwamba mbwa wengine wakimgusa anaumia.

Marekebisho yanaanza kwa kutafuta umbali. Mpeleke mahali unapoweza kuwaona mbwa wengine kutoka mbali, kisha utafute umbali ambao anamwona mbwa mwingine na bado anakubali chakula mkononi mwako. Kwa mbwa wengine ni mita 15, kwa wengine ni 50. Hapo ndipo pa kufanyia kazi: kila mbwa anapoonekana, toa chakula, na mbwa huyo anapotoweka, acha kutoa. Usisogee karibu zaidi mpaka uone kwamba wako, akimwona mbwa, anageuka mwenyewe kukutazama usoni. Kazi hii huchukua wiki nyingi na haikubali haraka. Siku za mafunzo hayo chagua njia pana, epuka maegesho na malango wakati wa msongamano wa Jumapili asubuhi, na usione haya kugeuka na kurudi ulikotoka.

Usimpige wala usimtishe mbwa anayenguruma. Ngurumo ni onyo, na mbwa aliyeadhibiwa kwa kutoa onyo hujifunza kuuma bila kulitoa. Ukiona kwamba hataki chakula kwa umbali wowote ule, au amegeuka na kukuuma wewe katikati ya hasira, au ameshamjeruhi mbwa au mtu, acha mafunzo ya kujitegemea. Anza kwa daktari wa mifugo achunguze maumivu, kisha umtafute mkufunzi anayetumia zawadi, si fimbo wala mikanda ya miiba.

Dalili ya tatu: mbwa wameanza kupigana

Hapa sababu zitangoja. Mbwa wengi wanaopigana hutoa kelele kubwa kuliko madhara, na pambano la kelele tupu mara nyingi huisha lenyewe ndani ya sekunde chache wenye mbwa wakigeuka na kuondoka wakiwaita. Pambano la hatari huwa kimya zaidi: mmoja ameshika na haachii.

Usiingize mkono katikati ya vinywa vyao, na usimshike mbwa wako mkanda wa shingoni, kwa sababu mbwa aliye katika pambano huuma kilichomgusa shingoni bila kutazama ni cha nani. Majeraha mengi ya wenye mbwa hutokea hivyo. Piga kelele moja kali ya ghafla, mwaga maji usoni pao ikiwa unayo chupa, au ingiza kitu kati yao, kama vile mwavuli, mkoba au koti. Hayo yakishindikana, na kama mko watu wawili, kila mtu amshike mbwa wake miguu ya nyuma juu ya magoti, kwa wakati mmoja, na kurudi kinyumenyume akimzungusha taratibu ili asiweze kugeuka na kumuuma. Ikiwa mmoja bado ameng'ang'ania kwa meno, msivute, maana nyama itachanika. Mkishawaachanisha, mfungeni kila mmoja mbali na mwenzake kabla hamjasema neno lolote.

Neno la kwanza litakalosemwa baada ya hapo ndilo litakaloamua kama mtakuwa majirani au maadui, na wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Anza kwa kuuliza, "Wewe umeumia? Mbwa wako je?" Kisha mpeane nambari za simu, mpige picha kadi za chanjo za mbwa wote wawili, na mkubaliane kwamba mbwa aliyetobolewa ngozi anapelekwa kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Tundu la jino huonekana dogo juu na kumbe chini yake ngozi imeachana na misuli, kisha siku ya tatu linavimba na kutoa usaha. Kwa mbwa wadogo waliotikiswa, kama Spitz au Maltese aliyeshikwa na mbwa mkubwa, mwone daktari hata kama huoni jeraha, kwa kuwa mapafu na mbavu zinaweza kuwa zimeumia. Kuhusu gharama, kanuni ya haki ninayoiona ni nyepesi: ambaye mbwa wake hakuwa na kamba ndiye anayelipa, na kama wote walikuwa na kamba, kila mtu amtibu wake.

Onyo lenye uzito kuliko yote katika mwongozo huu linahusu mtu aliyeumwa. Kichaa cha mbwa bado kipo Kenya, na mtu akishaanza kuonyesha dalili zake karibu hakuna anayepona. Duniani kote ugonjwa huu unakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kila mwaka, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Kwa hiyo, mara tu mtu anapoumwa au kuchubuliwa na meno, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, ukitazama saa, kwa sababu dakika hizo hupunguza sana virusi vilivyoingia. Usipake mafuta, majivu, pilipili wala dawa ya meno, na usilifunge kwa nguvu. Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo uanze chanjo. Jeraha lililotoboa ngozi huhitaji pia sindano ya kingamwili ambayo daktari huidunga kuzunguka jeraha lenyewe. Usisubiri kuona mbwa atakuwaje. Mbwa anayefahamika afungiwe mahali salama na kuangaliwa kwa siku 10, huku matibabu ya mtu yakiendelea. Akiwa bado mzima baada ya siku hizo, hakuwa anaambukiza alipouma, na daktari ataamua juu ya dozi zilizobaki. Asiuawe na wenye hasira mapema, kwa kuwa uchunguzi huo utakuwa umepotea pamoja naye.

Baada ya siku chache, utulivu ukirejea, tafuta sababu. Iliyo ya kawaida zaidi ni mbwa wawili waliofungwa kamba kusimamishwa uso kwa uso kwenye njia nyembamba wakati wenyewe wanazungumza. Mbwa wanaosalimiana kwa heshima huzungukana kwa upinde na kunusana ubavuni au nyuma, na kamba mbili fupi haziwaachii nafasi hiyo. Nyingine ni chakula au fimbo ya kuchezea iliyoangushwa kati yao. Dalili za mapema huonekana kwa anayetazama: mwili unakakamaa, mkia unasimama juu na kutikisika kwa mitetemo midogo, mdomo unafunga, na macho hayapepesi. Ukiona hivyo, mwite wako na mwondoke. Salamu ya sekunde tatu inatosha.

Dalili ya nne: wapita njia wasio na mbwa wanakasirika, wanapiga kelele au wanakushika shati

Mwenye mbwa anayejiuliza kwa nini watu wanamwogopa mbwa wake mpole na akumbuke kibao kilichobandikwa kwenye malango ya mtaa wake chenye maneno mawili, "Mbwa Kali". Wakenya wengi wamekutana na mbwa kwa njia hiyo peke yake, tangu walipokuwa watoto wakipita barabarani kwenda shule. Hofu hiyo haiondolewi kwa maelezo, na anayeogopa hana deni la kukueleza kwa nini.

Ukaguzi mwepesi ni huu: je, mtu anayekuja angeweza kupita pasipo kubadilisha mwendo wake? Ikiwa alilazimika kusimama, kuhamia ng'ambo ya barabara au kumbeba mtoto wake, basi nafasi uliyompa haikutosha. Fupisha kamba, toka kando ya njia, mweke mbwa upande ulio mbali na mpita njia ili mwili wako uwe katikati, na umkalishe chini mpaka apite. Kwa wakimbiaji na waendesha baiskeli fanya hivyo mapema zaidi, kwa sababu mbwa huvutiwa na kinachokwenda kasi. Mtoto akitaka kumgusa mbwa, mwombe mzazi ruhusa hata kama mtoto mwenyewe ameshanyoosha mkono.

Linalostahili kuelezwa kwa heshima ni suala la Waislamu, ambalo wenye mbwa wengi hulikosea kwa kutojua. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu walio wengi katika pwani ya Afrika Mashariki, mate ya mbwa na unyevu wake ni najisi nzito, na kilichoguswa navyo huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mtu aliyetawadha na kuvaa kanzu safi kuelekea msikitini, kisha akalambwa na mbwa, hana budi kurudi nyumbani na huenda akaikosa swala ya jamaa. Ukikaa karibu na msikiti, iwe Eastleigh, Mombasa au Kariakoo, tazama saa za adhana na ubadilishe njia. Ikitokea mbwa wako amemgusa mtu, sema, "Nisamehe sana, mzee wangu, ni kosa langu," na umuulize kama anahitaji maji. Usianze kumweleza kwamba mbwa wako ameogeshwa jana.

Mtu akikutishia kwa jiwe au fimbo, usijibizane naye. Ondoka na mbwa wako, na ukifika kwa walinzi wa msitu au askari wa mtaa, toa taarifa.

Dalili ya tano: kinyesi kwenye njia

Sababu ya kwanza ni kwamba aliyetumwa kumtembeza mbwa hakupewa kitu cha kuokotea. Ya pili ni imani kwamba kinyesi cha mbwa ni mbolea kama cha ng'ombe, jambo ambalo si kweli. Kinyesi cha mbwa hubeba mayai ya minyoo ambayo hukaa udongoni kwa miezi mingi na huweza kuwadhuru watoto wanaochezea mchanga, hata macho yao. Mpe mbwa dawa ya minyoo kama daktari alivyopanga.

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tangu tarehe 28 Agosti 2017, na tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi katika maeneo yaliyohifadhiwa, misitu ikiwemo. Kwa hiyo usitafute mfuko wa plastiki. Mfuko wa karatasi wa unga wa kilo mbili, uliokung'utwa na kukunjwa mfukoni, unafaa vizuri: ingiza mkono ndani yake, okota, ugeuze, ukunje mdomo wake mara mbili. Gazeti la jana na koleo dogo la bustani hufanya kazi hiyo pia. Beba hadi kwenye pipa, au urudi nacho nyumbani. Kukificha chini ya majani si kukiondoa.

Dalili ya sita: mbwa wako anatembezwa na mfanyakazi, na taarifa za ugomvi zinakufikia mara kwa mara

Mara nyingi huonekana kijana mmoja amekokotwa na mbwa watatu wakubwa, kamba zimemzonga magoti, na wapita njia wanamfokea yeye. Anayestahili kuulizwa hayupo pale. Sababu iliyo ya kawaida ni idadi: hakuna mtu mmoja anayeweza kuwazuia Rottweiler na Boerboel wawili kwa pamoja, na mlinzi au mtunza bustani aliyeajiriwa kwa kazi nyingine hapaswi kutarajiwa kufanya hivyo. Sababu ya pili ni kwamba mfanyakazi huyo hakuwahi kufundishwa na wala mbwa hawamtii, kwa kuwa yeye ndiye anayewafungia kibandani kila asubuhi. Ya tatu ni kwamba yeye mwenyewe anawaogopa, na hakuthubutu kukuambia kwa kuhofia kibarua chake.

Muulize kwa upole, na uulize kwa namna inayomwezesha kukataa. Tembea naye mara kadhaa mpaka uone mbwa wanamsikiliza. Atoe mbwa mmoja kwa wakati mmoja, awe na simu yenye salio, nambari ya daktari wa mifugo, nakala ya kadi za chanjo na mifuko ya karatasi. Mwambie mbele ya wengine kwamba ana ruhusa ya kugeuka na kurudi nyumbani wakati wowote bila kuulizwa. Mbwa aliyewahi kuuma asipewe mfanyakazi kabisa. Na akiumwa akiwa kazini kwako, gharama za chanjo na matibabu ni zako kuanzia siku hiyo, wala usimwachie atafute nauli ya kwenda hospitali.

Dalili ya saba: madume yote ya njiani yanamfuata jike wako

Yuko kwenye joto. Hali hii hutokea takriban mara mbili kwa mwaka na huchukua kama wiki tatu, na katika muda huo abaki bomani, kwa sababu anazua mapigano kati ya madume hata yeye akiwa mtulivu. Kama huna nia ya kuzalisha, zungumza na daktari wa mifugo juu ya kumfunga kizazi.

Dalili ya nane: mwenye mbwa mmoja na wewe hamwezi kupishana bila maneno

Kwanza chunguza kama kuna deni. Katika ugomvi mwingi wa muda mrefu niliousikia, ndani yake mna bili ya daktari isiyolipwa au pole isiyotolewa, na yote mengine yamejengwa juu ya hapo. Lipa au uombe radhi, hata ukiona kwamba kosa lilikuwa la pande zote mbili. Pili, chunguza kama umekuwa ukitoa ushauri usioombwa. Kumwambia mtu mbele ya watu kwamba mbwa wake amenenepa, au kwamba hajui kumfundisha, kunaumiza kuliko inavyodhaniwa. Tatu, huenda ni mbwa wenyewe wasiopatana, na hapo hakuna wa kulaumiwa: gawaneni saa au njia.

Zungumzo lenyewe lifanyike siku nyingine, pasipo mbwa, ikiwezekana kwenye kikombe cha chai. Likishindikana, chama cha wakazi wa mtaa au kamati ya Nyumba Kumi ni mahali pazuri pa kusuluhishwa. Vitisho vya kumwekea mbwa sumu vipelekwe polisi siku hiyo hiyo, kwa kuwa sumu inayotegwa barabarani huweza kuokotwa na mtoto.

Dalili ya tisa: mbwa aliyekuwa mpole kwa miaka amebadilika ghafla

Sababu ya kawaida ni maumivu: jino, sikio, mgongo, au viungo vya uzeeni. Inayofuata ni macho au masikio kudhoofika, hata mbwa akashtushwa na kinachomkaribia. Mguse taratibu mwili mzima akiwa ametulia, uangalie ni wapi anapojikunja, na usimtoe matembezini mpaka daktari amwone.

Lakini ikiwa mabadiliko hayo yanaambatana na mate mengi, taya kulegea, kushindwa kumeza, sauti iliyobadilika, kuyumba, au kuuma vitu visivyo na uhai, usimguse wala usichunguze mdomo wake ukidhani amekwamwa na mfupa. Mfungie pale alipo, waondoe watoto na wanyama wengine, na upige simu kwa ofisi ya mifugo ya kaunti. Andika majina ya wote aliowauma au kuwalamba kwenye kidonda tangu siku kumi zilizopita, na wote waende hospitali bila kungoja majibu, hata kama kadi yake ya chanjo ya kila mwaka haijapitwa na tarehe.